Poti Si Kiolesura

Juzi kijana mmoja aliye kwenye mafunzo ya kazi huko Westlands, Nairobi, aliniandikia: "Kaka, nikiandika poti badala ya kiolesura kuna shida gani? Si mafundi wote wanaelewa?" Nilicheka. Halafu nikakumbuka usiku mmoja, kicheko kikakatika.

Tulikuwa na rauta, kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, kando ya Barabara ya Mombasa. Poti yake ya 3, yaani tundu la kuchomeka waya, ilibeba wateja 14, kila mmoja na VLAN yake (mtandao uliotengwa kwa namba tu, si kwa waya), yaani kila mmoja na kiolesura chake ndani ya tundu lile lile moja. Mteja wa VLAN 120 alikuwa anahama. Mimi, mwenye kujisifu kwamba naandika maelekezo mafupi kuliko wote ofisini, nikaandikia zamu ya usiku: "Zima poti ya 120."

Poti ya 120 haipo. Fundi wa zamu akatafuta, akaona 120 imekaa ndani ya poti ya 3, akafanya nilichomwambia: akazima poti. Wateja 14 wakazimika kwa amri moja. Njia yetu ya kuingia kwenye rauta ile kutoka mbali nayo ilipita hapo hapo, kwa hiyo hata kuiwasha tena hatukuweza. Saa nane usiku niko kwenye teksi, waya wa konsoli, ule wa kuingilia rauta ukiwa mbele yake, mapajani, namwomba dereva asisimame kwenye taa nyekundu.

Asubuhi kwenye kikao bosi alimlaumu fundi. Nilikaa kimya. Siku ya pili nikaenda kukiri, nikaambiwa barua ya onyo imeshatoka na hairudi. Hadi leo nikikutana na bosi yule namsalimu kwa mkono tu.

Sasa sikiliza, kijana wangu. Soma maana ya neno kwenye kiwango chenyewe kabla hujaliandika. RFC ni hati za kiufundi za intaneti. RFC 2328 ya mwaka 1998, ile ya OSPF, itifaki ambayo rauta hutumia kupashana njia, inasema kiolesura ni muunganiko kati ya rauta na mtandao mmojawapo ulioshikamana nayo. Haizungumzii tundu la kuchomeka waya. RFC 4291 ya mwaka 2006 inatenga kiungo (njia inayounganisha mashine) na kiolesura, na inasema anwani ya IPv6, toleo la sita la anwani za intaneti, hupewa kiolesura, si mashine. Ukihamia IS-IS, itifaki nyingine ya aina ya OSPF, kitu hicho hicho kinaitwa sakiti. Kwa hiyo chagua neno moja, uliandike ukurasa wa kwanza na maana yake, kisha usilibadilishe kwa ajili ya kupendezesha sentensi. Shuleni tulifundishwa kurudia neno ni umaskini wa lugha. Kwenye maelekezo ya mtandao, rudia.

Nami nilipoanza kujiona bingwa nikateleza tena. Kuna ile amri ya kunyamazisha kiolesura kwenye rauta za Cisco, nikaibatiza "kiolesura bubu". Nikajipongeza. Kumbe bubu wa RIP, nayo itifaki ya kupashana njia, hasemi lakini anasikia: hatumi taarifa za njia, ila za majirani anazipokea. Bubu wa OSPF ni kiziwi pia, hapati jirani kabisa, ingawa mtandao wake bado unatangazwa kwa wengine. Jina moja, tabia mbili. Siku hizi naandika kinachotokea: "hakitumi, kinapokea" au "hakitumi, hakipokei". Ni maneno mengi, najua. Vijana mnapenda ufupi, na ufupi ndio ulionipandisha teksi ile.

Chagua neno moja. Nimeshasema, narudia.

Fundi yule alihama kampuni. Mwezi uliopita alinitumia picha ya maelekezo anayowaandikia mafundi wake sasa. Mstari wa kwanza: "Zima kiolesura 3.120. Poti ya 3 usiiguse." Chini ya picha hakuandika chochote, hata salamu.