Mungu anayejifunza: barua kwa mwanangu

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu tumzike mtoto wa dada yako huwezi tena kutamka kwamba Mungu ni mkamilifu. Labda naye bado anakua, anajifunza pamoja nasi. Baba yako alikunja uso. Mimi sikushtuka.

Wale wanafalsafa uliowataja nimewatafuta. Whitehead alifiwa na mwanawe Eric, rubani wa vita, mwaka 1918; kufikia 1929 alikuwa akiandika habari za Mungu anayeguswa na yanayotupata, anayeumia nasi. Hans Jonas, Myahudi, mama yake aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mwaka 1984 akasema Mungu alinyamaza kule kwa kutoweza, si kwa kutotaka. Ni maneno ya wafiwa, na mfiwa humsikiliza mwenziwe.

Hata Biblia haiko mbali nao. Mwanzo 6:6 inasema Bwana alighairi, akahuzunika moyo. Mchungaji atakufungulia Malaki 3:6, "sina kigeugeu". Yote mawili yamo humohumo (sijasikia bado mahubiri yanayoyasoma siku moja).

Mungu anayehuzunika namkubali. Anayejifunza simtaki. Mjukuu wangu alikuwa hajafikisha mwaka viganja na nyayo zilipoanza kuvimba, ngozi imekaza hadi inang'aa. Alipokua kidogo, maumivu yakimshika usiku nilimnywesha maji kijiko kwa kijiko, naye ananiomba nisimguse miguu, na papo hapo nisiondoke. Sasa kama Mungu alikuwa akijifunza usiku ule, basi yule mtoto alikuwa daftari lake la mazoezi. Hapana, baba. Heri nigombane na Mungu mkamilifu, kama Ayubu, kuliko kumwonea huruma anayebahatisha.

Halafu unaandika kwamba selimundu, huo ugonjwa wa damu uliomchukua, ni dalili ya kazi isiyokamilika. Kliniki walitueleza vingine: anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Ndiyo maana imeenea huku kwetu kwenye malaria. Kwa hiyo kilichomuua mjukuu wangu huenda ndicho kilichomvusha bibi yangu utotoni, nami nikazaliwa. Usidhani hilo linanifariji. Linaniudhi zaidi, maana nikisema Mungu alikosea hapo, nalaani na damu iliyonileta duniani. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapopiga magoti, na bado napiga.

Jambo jingine, na hili usilicheleweshe. Dada yako aliirithi selimundu ya upande mmoja kwangu au kwa baba yako, kwa hiyo nawe huenda unayo hata kama hujawahi kuumwa. Nenda na mchumba wako mkapime; ni damu kidogo tu. Nataka kujua majibu kabla wazee hawajapeleka barua ya posa.

Mama yako