Diski za 4K kwenye kompyuta: usilipe kabla hujauliza SGX

Mkuu, simama hapo hapo. Unaagiza kompyuta mpya ya kutazamia filamu za diski za 4K: prosesa ya Intel kizazi cha 12, kadi ya grafiki ya kuendesha magemu yote duniani, draivu ya Blu-ray ya 4K, halafu unauliza spika zipi zinafaa na kama VLC, ile programu ya bure ya video, inatosha? Hiyo oda ni nakala ya ile yangu, na ilinitoa jasho.

Diski za Ultra HD Blu-ray, yaani hizo za 4K, hazijali mashine yako ina nguvu kiasi gani. Zinalindwa na AACS 2.0, kufuli la kuzuia kunakili, na PowerDVD, programu yenye leseni ya kuzicheza kwenye Windows, huficha funguo za kufuli hilo kwenye kisehemu cha siri ndani ya prosesa za Intel kinachoitwa SGX. Kuanzia kizazi cha 11, Intel wamekitoa kwenye prosesa za Core, zile za kompyuta za kawaida. AMD hawajawahi kuwa nacho. Kwa hiyo ile kompyuta yako ya kizazi cha 8 unayotaka kumgawia mdogo wako huenda ikazicheza, hii mpya haiwezi. Na usisubiri sasisho, kitu chenyewe hakimo.

Yangu ilipofika nilichomeka kila kitu, nikazima taa za sebule, nikaingiza diski. Draivu ikanguruma, kitaa kikapepesa, kikaja kisanduku: mfumo haukidhi masharti. Nikaitoa diski nikaifuta na fulana, nikairudisha. Kisanduku kile kile. Nikabadili waya wa HDMI. Nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, kutafuta pa kuwashia SGX, hapakuwepo. Kumpigia muuzaji: "Kaka, mashine hiyo inakula 4K yoyote!" Ya faili, sawa. Ya mtandaoni, sawa. Ya diski hajawahi kuijaribu hata siku moja, ila kujiamini kwake ungedhani kaitengeneza yeye. Na kilichoniuma zaidi ni ile kadi ya grafiki: kumbe hata ukiwa na prosesa sahihi, picha inatakiwa itokee kwenye grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ipite tundu la HDMI la bodi mama, na HDCP 2.2, kinga ya picha isinakiliwe njiani, iwepo mpaka kwenye skrini. Kadi ile sasa naichezea karata. Karata zinakwenda kasi ajabu.

Blu-ray za kawaida za 1080p hazidai SGX. Hizo utaziona, ila lipia programu, maana VLC ikiwa peke yake itakwama kwenye funguo.

Kwa 4K, usimuulize mtu "inacheza 4K?" Wote watakujibu ndiyo. Muulize: prosesa hii ina SGX, na bodi inaruhusu kuiwasha? Akianza kukusimulia habari za RAM, ondoka. Ukikosa kabisa, nunua deki ya 4K uichomeke kwenye TV, yaishe.

Kama hujalipa, sitisha oda leo leo. Halafu weka hapa namba kamili ya prosesa ya ile kompyuta ya zamani na jina la bodi yake, na dogo mwambie asubiri kidogo.