Uzi wa upasuaji unaoua bakteria: kabla ya kushangilia duara, funga fundo

Wanafunzi wanaoniletea wazo la uzi unaoyeyuka na kuua bakteria huwa na picha moja kwenye simu: sahani iliyojaa bakteria, kipande cha uzi katikati, na duara safi kukizunguka, mahali bakteria waliposhindwa kukua. Huwapongeza, kisha huwaomba wafunge fundo kwa uzi huo na kuuvuta. Mara nyingi hukatikia hapohapo kwenye fundo.

Wazo lenyewe lina msingi. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen walionyesha, kwa watu waliojitolea, kwamba palipo na uzi mwilini bakteria wachache tu wa stafilokoka hutosha kuleta usaha. Pasipo na uzi huhitajika mamilioni. Lakini kazi ya kwanza ya uzi ni kushika. Poliglaktini 910, aina ya uzi unaoyeyuka, ikiwa mwilini hubaki na takriban asilimia 75 ya nguvu yake baada ya wiki mbili, robo baada ya wiki nne, na hutoweka kati ya siku ya 56 na ya 70. Ukiichanganya dawa ndani ya uzi, iwe kitosani (itokanayo na maganda ya kamba na kaa), madini ya fedha au mwarobaini, ratiba hiyo inaweza kuvurugika. Ukiipaka juu, huenda ikachubuka uzi unapopita kwenye nyama, au ikatoka yote siku ya kwanza.

Kwa hiyo loweka nyuzi zako kwenye maji ya bafa (yasiyobadilika uchachu kirahisi) yenye pH 7.4, kwa nyuzijoto 37, na kila wiki toa chache uzivute zikiwa na fundo. Maji unayoyabadilisha usiyamwage! Pima dawa iliyomo, ndipo utajua inatoka kwa kasi gani.

Jambo la kuua vijidudu kwenye uzi wenyewe kabla ya kuutumia wengi hulikumbuka mwishoni. Nyuzi za aina hii huvunjwa na maji, kwa hiyo otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, huziharibu. Viwandani hutumia gesi ya ethilini oksaidi, kisha huzifunga zikiwa kavu kabisa. Tafuta mwenye mtambo huo kabla hujaandika bajeti, na upime upya dawa baada ya gesi.

Jaribu pia kwenye seli za fibroblasti. Kipimo kinachoua bakteria kinaweza kuziua hizo zinazojenga kidonda, na madini ya fedha yakizidi hufanya hivyo. Wala usiishie kwa bakteria wapole wa maabara: Pseudomonas aeruginosa haitikisiki kwa triklosani, dawa iliyomo kwenye uzi wa kwanza wa aina hii ulioruhusiwa Marekani mwaka 2002.

Na ahadi zako ziwe za kiasi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi zenye triklosani, tena kwa masharti. Mwaka 2021 utafiti wa FALCON, uliohusisha wagonjwa 5,788 wa upasuaji wa tumbo katika nchi saba, Rwanda ikiwemo, haukuona zikipunguza maambukizi ya kidonda. Binafsi sioni kama huo ni mwisho wa safari. Tumbo lililokwisha kuchafuka kwa kinyesi linadai mengi kuliko uzi. Taja basi kidonda unachokilenga, usiandike “vidonda vyote”.

Kabla ya kuandika ripoti, mpelekee daktari wa upasuaji uzi wako pamoja na ngozi ya mbuzi kutoka machinjioni, ashone. Kama uzi umekakamaa au fundo linateleza, atakwambia kabla hajamaliza mshono wa pili.