Hospitali ya kaunti Nairobi: mwenyewe ni nani? Jibu la mtu aliyeanzia kwa keshia

Ndugu uliyeuliza kwa nini mama yako alilazwa siku nne kwenye hospitali ya kaunti, mkatumwa glavu na dawa nje, na kila mlango uliobisha ukaelekezwa mlango mwingine: pole sana, na salamu kwa mama. Hasira yako naielewa. Nimefanya kazi katika hospitali mbili za umma hapa Nairobi, nikaanzia dirisha la keshia na kumalizia ofisi ya utawala, na sitazitaja. Ila nitakwambia kwa nini ulizungushwa, maana hata sisi tuliokuwa ndani tulizungushwa vivyo hivyo.

Kwanza ujue mama amelala kwa nani. Watu wengi jijini humtupia gavana lawama za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na gavana hana hata kitanda kimoja pale. Katiba ya 2010 iliacha hospitali za rufaa za kitaifa mikononi mwa serikali kuu, nyingine zikaenda kaunti. Kenyatta ilianza 1901 na vitanda 40, na tangu 1987 ni shirika la serikali lenye bodi yake na afisa mkuu mtendaji wake. Mathari, ya wagonjwa wa akili, pia ni ya taifa. Mbagathi, Mama Lucy Kibaki, Pumwani na Mutuini ndizo za kaunti. Gari la wagonjwa likitoka Mbagathi kwenda Kenyatta, safari fupi tu, mgonjwa ameshahama serikali, na faili lake lazima lianze upya.

Ndani ya hospitali ya kaunti, mkubwa ni daktari msimamizi, ambaye kila mtu humwita medisapu. Chini yake kuna matroni, afisa wa utawala, mhasibu, mfamasia, watu wa maabara, na kila wodi ina inchaji wake. Hao wakuu hukutana mara kwa mara wakiwa kamati ya usimamizi, na juu yao kuna bodi yenye wawakilishi wa wananchi. Kwenye karatasi inapendeza.

Sasa angalia medisapu anaweza nini. Kuajiri nesi hawezi, hiyo ni kazi ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Kumfuta mtu pia hawezi, atafanya kuandika barua na kungoja. Madaktari wanagenzi hutumwa na wizara. Wale wa mikataba ya UHC, mpango wa afya kwa wote, waliokuja 2020 waliajiriwa na serikali kuu. Halafu kuna wazee wa zamani: kabla ya 2013, Pumwani na zahanati za mitaani zilikuwa za kanjo, yaani baraza la jiji, Mbagathi ilikuwa ya wizara, na ugatuzi ulipokuja wote wakamwagwa chungu kimoja, kila mmoja na ngazi yake ya mshahara na kinyongo chake. Kwa hiyo usiku mmoja wodini unaweza kukuta watu watatu wamevaa koti jeupe, na kila mmoja aliajiriwa na mtu tofauti. Mwaka 2017 nakumbuka mgomo wa madaktari ulikwisha Machi baada ya siku 100, tukapumua kidogo, na Juni wauguzi nao wakatoka, wakakaa nje karibu miezi mitano. Medisapu wetu hakuwa na neno la kusema katika ugomvi wowote kati ya hiyo miwili. Aliyetukanwa getini ni yeye.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na pesa, na hapa ndipo nataka unisikilize.

Nilipoanza kwa keshia, ule mfumo wa kuchangia gharama ulikuwa bado upo. Sehemu kubwa ya tulichokusanya ilibaki hospitalini, na afisa wetu alijua leo ana nini na kesho atanunua nini. Ugatuzi ulipoingia, sheria ya fedha za umma ya 2012 ikataka mapato yote yaende kwenye mfuko wa kaunti. Jioni tunahesabu, tunafunga vitabu, tunapeleka benki, na kutoka hapo pesa hiyo si yetu tena. Ukitaka kutumia hata shilingi ungoje idhini ya matumizi kutoka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ile karatasi maarufu ya AIE. Ikichelewa, umechelewa.

Mfano mmoja tu. Mashine kubwa ya kufulia iliungua mota. Mota yenyewe ilikuwa dukani Industrial Area, mwendo wa nusu saa kama hakuna jam. Tulikaa wiki saba. Mashuka yaliisha, jamaa za wagonjwa wakawa wanabeba mashuka ya hospitali kwenda kufua nyumbani, na wiki ya tatu upasuaji usio wa dharura ukasimama kwa sababu hapakuwa na nguo safi za chumba cha upasuaji. Medisapu, ambaye mwenyewe ni daktari wa upasuaji, aliingia ofisini kwangu akaketi juu ya boksi la karatasi. Akauliza, "Bwana, jana tulikusanya ngapi?" Nikamtajia. Ilitosha mota tatu na chenji. Akanyamaza, akaomba chai.

Mwaka 2020 tukahamishiwa NMS, ofisi ya serikali kuu iliyopewa huduma za jiji, chini ya jenerali wa jeshi. Barua zote tulizokuwa tumeandikia City Hall tukaziandika upya kwenda KICC, zilikokuwa ofisi zao, na 2022 tukazirudisha tena zilikotoka. Nitakuwa mkweli: wakati huo vituo vya afya vilijengwa mitaani ambako hapakuwa na chochote. Lakini kila ukibadilisha mwenye kutia sahihi, miezi kadhaa inapotea, na mgonjwa hajui kilichotokea.

Kilichobadilisha mambo kweli ni sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali kubaki na mapato yake na kuyatumia. Haikukatiwa utepe, kwa hiyo wengi hawaijui. Leo mota ikiungua, hospitali inaweza kununua nyingine, mradi pesa ipo.

Na pesa ipo? Hapo ndipo glavu za mama yako zinaingia. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ya zamani, NHIF, ilipoondoka na mpya, SHA, kuingia, sehemu kubwa ya mapato hupitia huko. Sisi wa mshahara tunakatwa asilimia 2.75, hospitali inatibu kwanza, inatuma madai, kisha inangoja. Dai likikosa alama ya kidole cha mgonjwa au sahihi ya daktari, linarudi. KEMSA, shirika la serikali linalouzia hospitali dawa, nayo ikidai na kudaiwa, dawa zinakuja kwa mwendo wa jongoo. Ukitaka kujua kama famasi itakuwa na dawa mwezi ujao, usimuulize mfamasia. Muulize yule kijana wa ofisi ya madai, mwenye kompyuta mbovu na faili hadi dirishani. Pengine ndiye mtu muhimu zaidi katika jengo zima, na hakuna anayemjua jina.

Ulichokosea ni kumfokea daktari wa zamu. Anza kwa inchaji wa wodi, kisha matroni. Kama tatizo ni bili, nenda ofisi ya ustawi wa jamii siku ile ile, usingoje siku ya kuruhusiwa. Wao ndio hupeleka ombi la kusamehewa. Na wasikutishe kwamba mama hatoki bila kulipa: Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Usipopata jibu, iandikie bodi, uulize hapo utawala majina ya wanaowakilisha wananchi.

Barua iwe na nambari ya faili ya mama, tarehe, jina la wodi. Chapa nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako. Zile zisizo na muhuri, Mungu anisamehe, tulikuwa tukiwekea birika la chai.