Acha chenga kidogo kwenye skrini ya rada

Zamu zangu za mwanzo melini nilipenda skrini ya rada iwe nyeusi ti, bila chenga hata moja. Niliona ndiyo kazi safi. Usiku mmoja afisa aliyenitangulia kazini akasimama nyuma yangu, akanyoosha mkono, akaongeza geini, yaani usikivu wa rada, taratibu. Skrini ikajaa chenga kama unga uliomwagika juu ya kitambaa cheusi. Nikataka kulalamika. "Tulia, tazama hapo," akasema. Antena ikazunguka mara nne, mara tano. Chenga zote zikawa zinahamahama, isipokuwa kitone kimoja kilichobaki palepale. Ilikuwa mashua ya mbao, maili tatu mbele yetu.

Mbao na plastiki hurudisha mwangwi dhaifu, mara nyingi wenye nguvu inayokaribiana na kelele za kipokezi chenyewe, ambazo ndizo chenga hizo. Ukipunguza geini mpaka kelele zipotee, na mashua imepotea nazo. Kelele huruka ovyo, lakini chombo hurudi mahali pake kila mzunguko, au husogea kidogo kidogo. Macho yetu ni hodari mno wa kukitambua kinachodumu katikati ya visivyodumu, mradi tuyape cha kutazama.

Kwa hiyo anza na mwangaza wa skrini, ndipo uguse geini. Wengi hufanya kinyume: skrini imefifia, wao wanapandisha geini hadi kila kitu kinakuwa ukungu. Usiku mwangaza uwe wa kiasi, maana macho yakishapigwa na mwanga huchukua kama nusu saa kuzoea giza tena, na dirishani nako kunakuhitaji. Geini iongeze hadi chenga nyepesi zianze kuonekana, uishie hapo.

Kizuia mawimbi, kidhibiti cha kupunguza mwangwi wa mawimbi ya bahari, ndicho ninachokiogopa zaidi. Hupunguza usikivu wa rada karibu na meli, yaani palepale ambapo kosa halina muda wa kusahihishwa. Ukikipandisha mpaka bahari yote itulie skrinini, umefuta na boti ndogo. Bakiza madoa machache ya mawimbi.

Halafu kuna uchovu. Mwaka 1948 Norman Mackworth, aliyewapima watazamaji kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza, alionyesha kwamba umakini hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Mimi kabla nusu saa haijatimia hubadilisha masafa, yaani umbali ambao skrini inaonyesha, maili sita kwenda kumi na mbili kisha tatu, naongeza geini kupita kiasi kwa mizunguko michache, natazama kilichosimama, ndipo nairudisha.