Walishinda hoja, wakakosa shamba: shauri la Golak Nath

SWALI: Shikamoo Wakili. Ninasoma sheria, mwaka wa tatu. Darasani tumefundishwa kwamba familia ya Golak Nath wa India iliibwaga serikali mwaka 1967 katika mgogoro wa ardhi ya ziada. Mwenzangu anashikilia kwamba ardhi yenyewe hawakuipata. Inawezekanaje mtu ashinde kesi na bado akose shamba?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ameisoma hukumu hadi mwisho, kwenye amri, na amri inasema kwamba maombi yametupwa.

Sheria ya mwaka 1953 ya Punjab, jimbo la India, iliweka ukomo wa ardhi ambao kwa kawaida ulikuwa ekari sanifu 30 kwa mmiliki mmoja. Ekari sanifu haipimwi kwa kamba peke yake, bali hukokotolewa kwa kuangalia ubora wa udongo na mavuno yake, hivyo mwenye shamba zuri la umwagiliaji huufikia ukomo akiwa na eneo dogo kuliko mwenye ardhi kame. Kilichozidi kiliitwa ardhi ya ziada, na kilikusudiwa kuwapa mahali pa kulima wapangaji waliofukuzwa mashambani. Tarehe 22 Januari 1962 Kamishna wa Fedha wa Punjab aliamua kwamba warithi wa Henry Golak Nath walikuwa na ziada ya zaidi ya ekari sanifu 418.

Warithi walikwenda Mahakama ya Juu wakidai kwamba haki yao ya kumiliki mali imevunjwa. Tatizo lao lilikuwa kwamba Marekebisho ya 17 ya Katiba, ya mwaka 1964, yalikwisha kuiingiza sheria ile katika Jedwali la Tisa la Katiba, na sheria iliyomo humo haikuweza kubatilishwa kwa hoja ya haki za msingi. Ikabidi wayapinge marekebisho yenyewe, na hapo ndipo mgogoro wa mashamba ulipogeuka kuwa shauri la Katiba.

Tarehe 27 Februari 1967, kwa kura 6 dhidi ya 5, majaji walikubali kwamba Bunge halina mamlaka ya kurekebisha Katiba kwa namna inayopunguza haki za msingi. Hii ndiyo hoja unayofundishwa. Lakini Jaji Mkuu K. Subba Rao, pamoja na majaji wanne waliokuwa naye, aliona kwamba tangu marekebisho ya kwanza ya mwaka 1951 mashamba yalikwisha kugawanywa nchini kote kwa kuzitegemea hukumu za awali za mahakama hiyohiyo, na kuyarudisha yote nyuma kungeleta vurugu. Wakaamua kwamba msimamo mpya utatumika kuanzia siku ya hukumu na kuendelea. Marekebisho ya mwaka 1964 yakabaki halali, sheria ya Punjab ikabaki na kinga yake, na ziada ikabaki ziada. Jaji Hidayatullah, aliyekamilisha wale sita, alifikia matokeo hayo kwa sababu zake mwenyewe.

Kwa maoni yangu walitenda haki. Mpangaji aliyekwisha kulima kipande chake kwa kuiamini sheria hakustahili kunyang'anywa kwa sababu mahakama imebadili mawazo, na ninasikitika kuona muhtasari mwingi wa shauri hili ukimsahau kabisa mtu huyo.

Ushindi wa hoja nao haukudumu. Marekebisho ya 24 ya mwaka 1971 yaliujibu kwa kulirudishia Bunge mamlaka hayo, na tarehe 24 Aprili 1973, katika shauri la Kesavananda Bharati, ambalo nalo lilianzia kwenye sheria ya mageuzi ya ardhi, ya jimbo la Kerala, jopo la majaji 13 liliitengua Golak Nath na kuweka mahali pake kanuni ya muundo wa msingi wa Katiba, yaani kwamba Bunge linaweza kuirekebisha Katiba lakini si kuziharibu nguzo zake kuu.

Swali lako linatuhusu pia huku kwetu, kwa kuwa Ibara ya 68 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaliagiza Bunge kutunga sheria ya viwango vya chini na vya juu vya ardhi binafsi. Siku utakapomwakilisha mteja katika mgogoro wa namna hiyo, usiishie kuomba tamko kwamba sheria ni batili. Omba pia, kwa maneno yaliyo wazi, amri inayohusu kiwanja chake na inayotaja kama ubatili huo unarudi nyuma hadi siku alipopokonywa.