Shule bure, hospitali bure: hela yangu inalipa nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu kazini tunachangia kila mwezi kikundi kinachosaidia watoto wilayani Kailahun, Sierra Leone. Juzi nikasoma kwamba huko matibabu ya watoto ni bure na shule ni bure. Tunaliwa? Na mbona wanakataa kututumia picha ya mtoto tunayemsaidia na jina la kijiji chake?
Mchangiaji mwenye shaka

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Tangu Aprili 2010 wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipa kwenye vituo vya serikali. Ada za shule nazo zilifutwa Agosti 2018. Ila mimi nimeuguza Kailahun miaka miwili, na bure niliyoiona huko inaanzia mlangoni pa zahanati. Kufika mlangoni ni juu yako.

Kuna mama alinijia masika yamepamba moto, pikin wake (mtoto kwa Kikrio, lugha ya kuelewana ya huko) ana degedege la malaria. Homa ilikuwa na siku tatu. Nilitaka kumgombeza. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatafuta nauli ya okada, bodaboda ya kule, na kwa matope yale dereva alikuwa amepandisha bei. Amefika, dawa za bure zimekwisha, nikamwandikia akanunue. Kile kikaratasi nilikiandika kwa aibu. Mtoto alipona, lakini mpunga wa mbegu uliuzwa.

Basi waulize kama hela yenu inalipa okada. Tangu Aprili 2024 watoto wa huko wanachanjwa malaria, na chanjo yenyewe ni dozi nne. Hesabu safari.

Shuleni kuna sare, madaftari na tumbo la mchana, hayo unayajua. Kinachoniuma ni wasichana. Mwaka 2015, nchi ikiwa bado na Ebola, serikali ilipiga marufuku wajawazito kukaa darasani na wenzao na kufanya mitihani. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema Desemba 2019 kwamba huo ni ubaguzi, marufuku ikaondolewa Machi 2020. Mwaka 2024 ikaja sheria: anayemwoa mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 15. Nilishangilia. Lakini msichana aliyekaa nyumbani miaka mitano hatarudi darasani kwa tangazo la redio. Anataka mtu wa kumshikia mwanawe asubuhi. Kikundi kikimlipa bibi wa jirani kwa kazi hiyo, hela yenu haijaliwa.

Kuhusu picha, wako sahihi, na wewe niwie radhi. Mtoto si risiti. Picha yake pamoja na jina la kijiji ikishasambaa kwenye simu za watu asiowajua, hakuna wa kuirudisha. Wewe dai hesabu: petroli lita ngapi, chanjo ya nne wamefika watoto wangapi, wasichana wangapi wamerudi na wangapi wameacha tena. Wakikunyima hayo, niandikie.